Siku Moja Maishani Mwangu: Kati ya Karakana, Darasa na Mwajiri

Mimi ni mratibu wa mafunzo kazini katika chuo cha ufundi stadi hapa Morogoro mjini. Sifundishi darasani tena, wala sishiki zana kutwa nzima kama wale ninaowahudumia; kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kijana anayejifunza uchomeleaji, umeme, uashi au ufundi magari anapata mahali halisi pa kufanyia kazi, anasimamiwa na mtu anayeijua kazi hiyo, na anarudi na ujuzi ambao mwajiri mwingine anaweza kuuamini. Nimefika hapa kwa njia ya kuzunguka sana. Nimekuwa mshonaji kiwandani, msaidizi wa fundi wa mashine, karani wa stoo, mwalimu wa ushonaji wa kina mama parokiani, na hatimaye mwalimu wa ufundi stadi kabla ya kupewa ofisi hii. Vijana wengi huniuliza njia ya namna hiyo inasaidia nini, na naona ni vyema niwaeleze kwa kuifuata siku moja ya Jumatano, saa kwa saa.

Saa 11:30 alfajiri

Baada ya sala na kikombe cha chai ya rangi, hufungua simu na kusoma kurasa za vitabu vya kumbukumbu ambazo vijana walioko fildi hunitumia kwa picha kila jioni. Ni wakati pekee wa siku ambao hakuna anayenisubiri mlangoni, hivyo husoma polepole. Kijana akiandika “nimemsaidia fundi”, hajaniambia chochote, na itabidi nimpigie simu. Leo binti aliyeko kwenye gereji ya pikipiki ameandika kwamba alifungua kabureta, akaisafisha kwa upepo wa kompresa na kuirudisha, lakini pikipiki ikaendelea kuzima kila alipoachia mafuta, ndipo fundi wake akamwonyesha ufa mdogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, mahali ambapo hewa ilikuwa ikipenya. Katika maelezo hayo mafupi ninakiona alichofanya, kilichoshindikana, na sababu yake. Huyo anajifunza, na msimamizi wake anafundisha.

Jicho la kusoma kumbukumbu za namna hii nililipata stoo. Nilipokuwa karani katika karakana ya matrekta, kila kipuri kilichotoka kilipaswa kuandikwa kimekwenda kwenye trekta lipi, kimeombwa na nani, na cha zamani kimerudishwa katika hali gani. Fundi akija kuomba bearingi ya aina ile ile, kwa trekta lile lile, muda mfupi baada ya kuchukua ya kwanza, daftari lilikuwa linaonyesha kwamba tatizo halikuwa bearingi hata kidogo, na kwamba kuna shafti iliyopinda ambayo hakuna aliyeipima. Nilijifunza humo kwamba kumbukumbu iliyoandikwa vizuri ni sehemu ya ufundi wenyewe, na hadi leo huwa mkali juu ya jambo hilo kuliko juu ya kuchelewa.

Saa 1:30 asubuhi

Chuoni nawakuta wanafunzi wa uchomeleaji na wa umeme wanaoondoka leo kwenda kwenye karakana za mjini. Kabla hawajapanda gari, nawakagua mmoja mmoja: viatu vigumu, miwani ya kinga, glavu za ngozi, ovaroli. Wasichana wawili wa uchomeleaji wamepewa ovaroli zilizokatwa kwa kipimo cha wanaume, nao wamekunja miguu ya suruali kwa nje mara mbili ili wasikanyage. Nawaomba waingie kwanza darasa la ushonaji. Mkunjo wa namna ile hudaka cheche. Kipande cha chuma cha moto kikitua ndani yake hukaa hapo kikiunguza kitambaa taratibu, na mchomeleaji aliyejifunika uso hana namna ya kukiona hadi moto umfikie mguuni. Ovaroli inatakiwa ikatwe, ipindwe kwa ndani na kushonwa, nayo ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyekaa mbele ya cherehani ya kiwandani. Nazishona mwenyewe. Ningependa siku moja ovaroli za wasichana zinunuliwe kwa vipimo vyao tangu mwanzo, na nimeliandika jambo hilo kwenye maombi ya bajeti.

Suala la wasichana lina sehemu nyingine ambayo ovaroli haiwezi kuitatua. Ninapokwenda kukagua karakana mpya, swali langu la kwanza kwa mwenye karakana ni choo: kipo wapi, kina mlango unaofungwa kwa ndani, na kina maji? Wengine hushangaa, kwa kuwa wanategemea niulize kuhusu mashine. Lakini nimewaona mabinti hodari wakiacha kunywa maji kutwa nzima kwenye jua la mabati kwa sababu hakuna mahali pa kujisaidia, na nimewaona wengine wakiacha fani kabisa huku watu wakisema kazi ya chuma iliwashinda. Swali la pili ni nani hubaki karakana jioni wengine wakiondoka. Majibu ya maswali hayo mawili yasiponiridhisha, simpeleki binti hapo, hata kama karakana ina mashine bora kuliko zote mjini.

Saa 3:00 asubuhi

Saa hizi nahamia kwenye eneo la mafunzo ya ujenzi, ambako kuna tathmini ya mafundi waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huu wa kurasimisha ujuzi humwezesha fundi wa mtaani kupimwa kwa kile anachokifahamu tayari, kupewa mafunzo mafupi pale palipopungua, kisha kupata cheti bila kurudishwa darasani kuanza upya. Wengi wanaokuja wamefanya kazi miaka mingi. Baadhi yao wamepita kwenye kambi za ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kuja huku, ulioanza mwaka 2017, wakatoka wakijua kazi ya zege na nondo kwa kiwango cha juu, na mifukoni hawana karatasi hata moja inayosema hivyo.

Fundi wa kwanza leo ni mzee mwashi ambaye ametoka nyumbani alfajiri akiwa na zana zake mwenyewe kwenye mfuko wa salfeti: mwiko, timazi, pima maji na bunda la kamba. Tunamwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba huku tayari akikagua ardhi kwa macho. Mtathmini, kijana mwenye stashahada, anamwomba aweke kona ya msingi. Mzee anapigilia vigingi viwili vya kwanza, anafunga kamba, anapima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, anaweka alama kwa kalamu ya fundi, kisha anapima kati ya alama hizo na kuisogeza kamba moja kidogo kidogo mpaka futi isome 100 kamili.

“Mzee wangu, umejuaje kwamba kona hii ni mraba?” mtathmini anauliza, kama fomu inavyomtaka.

“Mwanangu, huku sitini, huku themanini, hapa kati lazima isome mia. Ikizidi, kona imefunguka. Ikipungua, imefunga.”

“Na nyumba ikiwa kubwa?”

“Unapandisha vyote kwa pamoja. Mita tatu, mita nne, mita tano. Ukipimia sentimita sitini kwenye nyumba ya mita kumi na tano, kosa dogo hapa linakuwa kubwa kule mwisho.”

Kwenye fomu kuna mstari unaosema mtahiniwa aeleze kanuni anayoitumia, na kijana anasita kwa kuwa mzee hakutaja kanuni kwa jina lake la shuleni. Hapo ndipo ninapotakiwa kuwapo. Nazungumza na mtathmini pembeni: mzee ametoa uhusiano wa pande tatu, ametoa namna ya kuutumia kwa kipimo kikubwa, na ametoa sababu ya kufanya hivyo, tena kwa maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kuandika jina la Pythagoras ubaoni mara nyingi hana. Kijana ni mwelewa. Anaandika majibu ya mzee kama yalivyosemwa, kisha anaweka alama ya umahiri.

Kwenye zege mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mzee alichanganya kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, akakataa maji ya nyongeza ambayo msaidizi wake alitaka kumimina ili koleo lipite kwa urahisi, na alipoulizwa kwa nini hulimwagilia zege siku saba akajibu kwamba zege halikauki, linashika. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sementi hupata nguvu kwa kuungana na maji, na likinyimwa maji mapema zege hubaki dhaifu hata kama kwa macho linaonekana gumu. Ndiyo maana maabara hupima nguvu yake siku ya 7 na kuipima tena siku ya 28.

Mapungufu pia yapo, na ni haki ya mzee kuyajua waziwazi. Alipopewa ramani yenye kipimo cha 1:100 alishindwa kusema ukuta wa sentimita nne na nusu kwenye karatasi utakuwa na urefu gani kiwanjani, na jukwaa alilolifunga kwa ajili ya kuta za juu halikuwa na kizuizi cha kumzuia mtu asianguke. Nikamweleza kwamba atahitaji mafunzo mafupi ya mambo hayo mawili tu. Alitikisa kichwa na kusema kuhusu ramani, “Hiyo nilikuwa naiogopa siku zote, maana injinia akija nayo najifanya nimeshaiona.”

Nalipenda zoezi hili kuliko kazi zangu nyingine zote, na sababu ni ya kwangu binafsi. Kiwandani niliajiriwa kama mshonaji, lakini fundi wa mashine alipougua nilianza kumsaidia, na baada ya muda mimi ndiye niliyekuwa nikirekebisha mkazo wa uzi, nikibadilisha meno ya kusukuma kitambaa na kurudisha mwendo wa sindano ili ikutane na ndoano kwa wakati wake, pembeni ya mstari mzima wa wenzangu waliokuwa wakisubiri mashine zao. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, faili langu lilisema “mshonaji” na basi. Ujuzi wote wa mashine uliishia getini, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuupima wala kuuandika. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ilikwisha anzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vilikuwapo, lakini mtu wa aina yangu alionekana kama anayepaswa kuanza na darasa la kwanza la fani ambayo tayari ilikuwa mikononi mwake.

Saa 7:00 mchana

Nakula wali maharage kwa mama ntilie aliye jirani na karakana ya mageti, kisha naingia humo. Kijana wetu mmoja ameandika wiki nzima kwamba “alifanya usafi”. Mwenye karakana ananikaribisha kwa heshima na hapo hapo anaanza lawama: “Dada, mnatuletea watoto wasiojua hata kushika tupa, halafu mnataka tuwafundishe bure huku mteja anasubiri geti lake.”

Nampa haki yake, kwa kuwa geti likichelewa hasara ni yake, na fimbo za kuchomelea zinazoharibika ni fedha zake. Namwomba anionyeshe oda za wiki hii, nasi tunakaa juu ya benchi na kuzigawa kazi: kijana atakata vyuma na kusaga kingo, akimaliza hapo bila kosa, atashikiza fremu kwa nukta huku fundi akikagua mraba, kuchomelea mshono mzima kutakuja mwishoni, kwanza kwenye mabaki. Kila hatua ina mstari wake kwenye kitabu, na fundi ataweka saini pale tu anaporidhika. Kwa mpango huo mteja hapotezi kitu, na kijana anajua kesho anatafuta nini.

Akaniuliza pia kama ni kweli kwamba waajiri hulipa tozo kwa ajili ya vyuo hivi. Ni kweli. Tozo ya kuendeleza ujuzi hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa kuangalia jumla ya mishahara, mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Yeye ana mafundi wanne, kwa hiyo halipi, lakini sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyomfundisha kijana huyu kusoma mchoro wa geti kabla hajafika kwake. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita kijana na kumkabidhi grainda. Nikasubiri mpaka nilipoona kwamba ameichomoa kwenye umeme kwanza kabla ya kubadilisha diski, ndipo nikaaga.

Saa 9:00 alasiri

Mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari amekuja ofisini kuzungumzia mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi katika sekondari, ambao umeingizwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Shule yake ina wanafunzi wenye hamu ya kujifunza umeme lakini haina karakana ya kutosha, naye anauliza kama wangeweza kutumia yetu. Tunapitia ratiba na kuona kwamba benchi za umeme huwa wazi alasiri mbili kwa wiki, mradi nipate mwalimu wa ufundi wa kukaa nao.

Tulichozungumza kwa muda mrefu zaidi ni wazazi. Mwalimu anasema baadhi yao wakisikia neno amali hudhani mtoto amewekwa kapu la waliofeli. Dhana hiyo inaniumiza. Nchi hii ilikuwa na shule za sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga ambazo wanafunzi waliozingia walikuwa miongoni mwa bora, na hoja ya kuunganisha elimu na kazi ilikwisha wekwa mezani na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Anayefunga umeme wa nyumba anahitaji hesabu za mkondo na ukinzani ili achague unene wa waya. Akikosea, waya hupata moto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Nilimshauri awaalike wazazi siku ya mazoezi, wamwone mtoto akikokotoa ndipo afunge soketi, kwa sababu nimeshuhudia kwamba mzazi aliyeona hilo kwa macho hahitaji hotuba yangu.

Saa 11:00 jioni

Kikundi cha wahitimu wa ushonaji kimekuja na rasimu ya maombi ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Wameomba cherehani nyingi bila kuonyesha oda hata moja. Nikawarudisha wakaandike kwanza majina ya shule zinazohitaji sare na bei ya kitambaa kwa jora, kisha tutakutana Ijumaa.

Mmoja wao alibaki nyuma na kuuliza swali linalokaribiana na lile nililolitaja mwanzoni: asome nini ili afanye kazi kama yangu? Nilimwambia afanye kazi ya fani yake kwa miaka kadhaa mbele ya wateja wanaolipa, halafu aombe nafasi katika Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi hapa hapa Morogoro, ambacho humfundisha fundi namna ya kufundisha. Kina mama wa parokiani ndio walionisukuma kwenda huko. Nilikuwa najua kukata gauni, lakini mama mmoja aliyekuwa hajui kusoma namba kwenye futi alinifanya nitafute namna nyingine ya kuelekeza, tukatumia kamba yenye mafundo, na nilipoona amekata mkono wa blauzi sawasawa nilijua kwamba kufundisha ni ujuzi unaojitegemea na kwamba nilihitaji kusomea.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani, watoto wakiwa kwenye kazi zao za shule, naandika ripoti ya tathmini ya asubuhi. Napendekeza mambo mawili kwa uongozi. La kwanza ni kwamba maswali ya nadharia kwa mafundi wa mtaani yaulizwe wakati fundi yuko kazini na zana mkononi, na majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kama tulivyofanya kwa mzee mwashi. La pili ni kwamba mafunzo mafupi ya kusoma ramani yafanyike Jumamosi alasiri, kwa kuwa fundi wa kutwa akikosa siku ya kazi amekosa chakula cha nyumbani kwake, na hatakuja hata kama mafunzo hayana ada. Naambatanisha picha ya kona ya msingi, kamba ikiwa bado imefungwa na futi ikionekana, kisha naituma kwa mkuu wa chuo pamoja na orodha ya mafundi wanaotathminiwa wiki ijayo.